Samadi Juu ya Mninga

Mama mkwe wangu tulimzika Jumamosi, na Jumapili yake, nikiwa jikoni nasonga ugali wa ndugu waliobaki msibani, nilielezwa jambo ambalo mpaka leo ninapoandika haya halijatulia kichwani mwangu. Nimezeeka kiasi cha kuamini kwamba watu wa nyumbani kwangu wameshanimalizia vituko vyao vyote. Nimelia ya kulia, nimegomba ya kugomba, na kugomba ndiko ninakokujua zaidi. Lakini siku ile mwiko ulinitoka mkononi ukatumbukia ndani ya sufuria, na bibi aliyenieleza akacheka mpaka akajishika mbavu, msibani, bila hata kuona haya. Jambo lenyewe lilihusu sakafu. Ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima ashtushwe hivyo na sakafu, lazima nirudi mpaka mwaka ule tulioishi mtaa wa Bagara, mwaka wa themanini na tano, nikiwa nimeolewa karibuni, nina mimba ya kwanza, na ndani sina hata kipande cha sabuni.

Kabla ya Bagara, Petro na mimi tulikuwa na nusu ya chumba kule Nangara. Nasema nusu kwa sababu nusu ya pili alikaa mfanyakazi mwenzake na mkewe, na katikati tulitundika pazia la magunia. Nilikuwa nikimsikia yule bwana akijikuna. Yeye naye alinisikia nikitapika kila asubuhi, akawa anamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba huyo wa upande wa pili ana mtoto wa kiume. Mimba ilipoanza kuonekana nilimwambia Petro kwamba sitazalia nyuma ya gunia, na kwamba asiponipatia chumba chenye mlango nitapanda lori nirudi milimani kwetu, abaki na yule mwenzake wakunane. Petro alikuwa fundi wa magari kwenye karakana ya wilaya, mtu mpole, asiyejua kuomba. Alikwenda kuomba. Afisa wa majengo wa wakati huo, mzee aliyebakiza kidogo astaafu, alimwambia ipo nyumba moja Bagara ambayo kila mtumishi ameikataa. Paa linavuja na sakafu ni kitu cha kutisha. "Ingieni," akasema. "Mkiitengeneza, mtakaa. Mkishindwa, mtatoka." Mkataba wetu ulikuwa huo, hakuna karatasi.

Nyumba ilijengwa zamani na Mzungu mmoja mjenzi wa barabara, ikainuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, kwa hiyo chini yake walikaa kuku wa mtaa mzima. Ungekaa sebuleni unakunywa chai, ukasikia jogoo anawika chini ya miguu yako. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule, stoo ndogo, na jiko la nje. Paa Petro alilimaliza kwa mabati ya gari bovu na lami. Sakafu ndiyo iliyonikalisha chini nikashika kichwa. Ilikuwa nyeusi tii. Waliotutangulia walikuwa wameimwagia oili chafu mwaka hadi mwaka kuzuia mchwa, juu ya oili wakapaka rangi nyekundu ya sakafu, juu ya rangi mmoja wao alikuwa akipikia ndani wakati wa mvua, kwa hiyo palikuwa na mabaka ya majivu na mviringo wa jiko la mkaa ulioungua. Ukitembea peku, nyayo zinanata. Nilifagia nikachoka. Nilisugua kwa maji ya majivu, kwa maana sabuni ilikuwa hadithi, na maji yakarudi meusi kama yalivyokwenda.

Siku moja uji wangu ulimwagika karibu na dirisha, ukakauka, nikachukua kisu kuukwangua. Kisu kilizama kwenye ule uchafu, kikatoa gamba refu, na chini ya gamba nikaona kitu chenye rangi ya asali. Nilikwangua tena. Palitokea mistari myekundu inayopinda pinda ndani ya ile rangi ya asali, na harufu fulani tamu ya mti. Niliita mpaka jirani akafikiri nimeumwa na nyoka. Petro alipopiga magoti akapitisha kidole pale, alinitazama kama mtu aliyeambiwa amerithi ng'ombe. "Veronika," akasema, "huu ni mninga. Nyumba nzima tumekanyaga mninga." Wale watu walikuwa wameimwagia oili chafu mbao ambayo sisi, hata tungetaka kutengeneza kiti kimoja, tusingeipata. Mimi nilishtuka, halafu nikakasirika, halafu nikakunja gauni na kuendelea kukwangua.

Kwa fundi seremala wa sokoni nilikwenda kuulizia msasa na vanishi. Alisimamisha randa yake akanitazama tumboni, akanitazama usoni. "Vanishi?" akasema. "Dada yangu, majeneza yenyewe nayapaka oili chafu. Watu wanazikwa wananuka karakana, wewe unaniuliza vanishi ya sakafu?" Watu waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka, maana mwaka ule usipocheka ungekufa. Kwenye duka la kaya tulipanga mawe ya kutushikia nafasi kwenye foleni tangu alfajiri, jiwe langu, jiwe lako, na mlango ukifunguliwa tunaambiwa leo kuna viberiti tu. Unga ulikuwa ule wa njano, sukari tuliisikia kwa walioisikia. Katika hali hiyo mimi nilitaka vanishi. Lakini seremala hakuwa mtu mbaya, alinipa gunia la unga wa mbao na akanielekeza la kufanya. Kwanza nigongelee misumari yote izame, isije ikanikata. Halafu nitafute vioo vilivyovunjika. Ukingo wa kioo kipya, ukiuvuta kuelekea kwako kwa kufuata nyuzi za mbao, unatoa ganda jembamba kuliko randa. Kikishakuwa butu unakitupa unachukua kingine. Baada ya hapo nisugue kwa majani ya mti wa msasa, ule mti wenyewe ulioipa jina karatasi ya dukani, ambao ulimea bure kando ya njia ya kwenda ziwani.

Basi tukawa watu wa vioo. Petro aliokota vioo vya magari karakana, lakini vile vya mbele vilivunjika vipande vidogo vidogo visivyofaa, tukajifunza kutafuta vya madirisha ya nyumba. Nilifunga vidole kwa matambara, nikapiga magoti juu ya mto, tumbo likininginia, na nikakwangua ubao mmoja mmoja kuanzia dirishani kuelekea mlangoni. Siku nyingine nilimaliza ubao mzima, siku nyingine nilishinda kwenye lile duara lililoungua na halikutoka. Mchana nilikula viazi vilivyopikwa pamoja na mlenda, nikiwa nimekaa pale pale sakafuni, nikitazama kipande nilichosafisha. Jirani yangu mmoja, mwanamke wa Kirangi mwenye ulimi, alikuwa akipita kila siku anachungulia dirishani. "Mama kijacho," anasema, "huyo mtoto atazaliwa ameshika kioo, shauri yako." Nilimjibu kwamba akizaliwa na kioo nitamtuma kwake akamkwangue mdomo. Petro akirudi kutoka kazini anapokea zamu mpaka jua linazama, kwa sababu taa hatukuwasha. Mafuta ya taa tuliyopata kwa foleni tulikuwa tunayatunza kwa ajili ya sakafu.

Ya kumalizia ilikuwa nta. Wafugaji waliokuja mnadani na asali walikuja pia na nta ya nyuki, madonge ya njano yaliyochanganyika na mabawa. Fedha hawakuitaka sana, fedha wangenunulia nini? Mwanamke mmoja alitazama kanga niliyojifunga, akaniuliza kama ninayo nyingine. Nilikuwa na doti moja ya harusi ambayo sijaikunjua. Nililala nayo siku mbili tatu nikiwaza, kisha nikampa, na niliporudi nyumbani na donge la nta kifuani nililia kidogo, si uongo. Tuliyeyusha nta kwenye kopo la maziwa juu ya makaa, tukaitoa mbali na moto, tukachanganya na mafuta ya taa, ikawa kama mafuta mazito ya kujipaka. Nyufa tulizijaza kwa nta iliyokorogwa na unga wa mbao. Halafu tukapaka nyumba nzima kwa kitambaa, tukaiacha ilale, na siku ya pili yake ikaja kazi ya kung'arisha, ambayo ndiyo siku ninayoikumbuka kwa furaha kuliko siku ya harusi. Petro alitandika blanketi kuukuu, akaniambia nikae juu yake. Akashika ncha mbili akanivuta sebuleni kote, kwenda na kurudi, mimi na mimba yangu, nikipiga kelele, na kila alipopita sakafu ikawaka nyuma yetu. Mwisho alichoka akakaa yeye nikamvuta mimi mpaka mlangoni. Kuku chini walikuwa wametaharuki kabisa.

Watu walikuja kuona. Walivua makobazi yao ya matairi mlangoni bila kuambiwa, wakaingia wakinyata kama wako kanisani. Yule jirani wa Kirangi aliinama akajitazama usoni kwenye mbao, akarekebisha kilemba. Sifa zilitoka Bagara zikafika sokoni, zikafika mpaka maofisini, na mimi mjinga nilifurahi. Wakati huo wilaya ilikuwa katika kugawanywa, maofisa wageni wanateremka kila wiki, na nyumba hakuna. Yule mzee wa majengo alikuwa ameshastaafu, amekuja mwingine kutoka mbali, nasi hatukumjua. Kisha akapita tarishi akatuambia kwamba Alhamisi afisa mpya atakuja kukagua nyumba yetu. Nilimwambia Petro: sasa na aje. Tuliambiwa tukitengeneza tutakaa, na aje aone kama hatukutengeneza. Petro aliomba ruhusa kazini ili awepo. Tulijua sote wawili kwamba tukitolewa hapo ni kurudi nyuma ya gunia, au mimi kwenda kuzalia milimani na yeye kubaki, na kwamba mimba ilikuwa imebakiza wiki chache.

Jumatano hiyo ndiyo akateremka mama mkwe kutoka Dareda, juu ya lori la mahindi, na kapu la maharage na kibuyu cha samli ya uzazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno ya kuhesabika. Alisimama mlangoni akatazama sakafu kwa muda. Alivua viatu, akakanyaga, akafika katikati ya sebule, akasema, "Mmefanya kazi." Mimi nilingoja aendelee, hakuendelea. Jioni alikwenda kumsalimu rafiki yake wa usichana, Mama Katarina, aliyekuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali, akarudi kabla giza halijaingia, akala ugali wake kimya. Nilidhani ni uchovu wa barabara. Asubuhi nikamwambia naenda sokoni kutafuta samaki wa mgeni na majani ya chai. "Nenda," akasema. "Usikimbie na tumbo hilo. Nyumba nitaiandaa mimi."

Harufu niliipata getini. Nilifikiri ng'ombe wamepita. Nilipofika kwenye ngazi niliona ndoo mbili, na nilipofika mlangoni kapu la samaki likaanguka lenyewe. Sebule ilikuwa ya kijani. Kutoka ukuta hadi ukuta, mavi mabichi ya ng'ombe, yamesambazwa vizuri, mazito, yenye mistari ya vidole iliyopindwa nusu duara nusu duara, kama wanavyofanya akina mama wetu kwenye sakafu za udongo kule juu nyumba inapongoja mgeni mkubwa. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti karibu na mlango wa stoo, mikono yake imezama mpaka kwenye viwiko, anamalizia. Nikasikia mtoto anageuka tumboni kwa nguvu, na nikamwomba Mungu mtoto asije akatoka wakati ule.

"Mama," nikasema. "Umefanya nini?"

"Nimeandaa nyumba. Si mlisema mgeni anakuja?"

"Mama, hii ni mbao! Ni mninga! Hii si udongo!"

"Mbao au udongo, sakafu ni sakafu," akasema bila kugeuka. "Mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu kavu. Tulia, utamuumiza mtoto."

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia kilio cha msiba. Majirani walitoka. Yule Mrangi alichungulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno, alishika mdomo tu. Petro alifika na baiskeli, amevaa shati lake zuri, akasimama juu ya ngazi akatazama ndani. Mtu mwingine angepiga kelele, lakini yule alikuwa mama yake. "Mama," akasema, "jamani, Mama," akakaa chini karibu yangu, na tukiwa tumekaa hivyo kama yatima wawili tukasikia Landrova inapanda.

Aliteremka afisa mwenyewe, mtu mnene wa suti ya mikono mifupi, na nyuma yake mwanamke wa kupendeza sana, nywele zake zimepigwa kalikiti, viatu vyeupe vya kisigino. Nilishangaa kidogo kwamba mtu amekuja kukagua nyumba na mkewe, lakini siku ile mshangao wangu ulikuwa umeshatumika wote. Walibisha hodi. Mama mkwe alisimama mlangoni na mikono yake ya kijani, akawakaribisha kwa adabu zote, karibuni, karibuni ndani, mtuwie radhi haijakauka. Afisa alichungulia.

"Niliambiwa hapa pana sakafu ya mninga," akasema polepole. "Inang'aa."

"Ilikuwepo!" nikapayuka. "Ilikuwepo mpaka asubuhi! Haki ya Mungu ilikuwa inang'aa!"

"Ana mimba," mama mkwe akamwambia afisa kwa upole. "Msimjali."

Yule mwanamke alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Kisigino kilizama. Alikitazama kiatu chake, akatazama ile bahari ya kijani, akauliza ni kitu gani. "Ni mavi ya ng'ombe, mama," mama mkwe akajibu. "Kwetu tunapaka kila wiki. Usipopaka, viroboto wanapanda usiku. Na hapa kuku wako chini." Na kuku mmoja, sijui alitumwa na nani, akaanza kutetea chini ya mbao kwa sauti ya juu kwamba ametaga. Mwanamke aliruka nyuma, kiatu kikabaki.

"Twende," akamwambia mumewe.

"Lakini mke wangu, hiki kitu kinaoshwa. Chini yake—"

"Utalala humu na nani?"

Dereva alikuja kuchukua kiatu. Afisa alibaki kidogo, anafuta jasho, akamwuliza Petro kama kweli tunaishi humo hivi hivi, na mtoto yuko njiani. Petro, ambaye hajui kusema uongo hata wa heri, alijibu, "Tunaishi, mzee." Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Basi kaeni," akasema, akapanda gari.

Vumbi la Landrova halijatulia, mama mkwe akaomba ubao na maji. Alianza kuondoa kile alichopaka, kikiwa bado kibichi, akivuta kwa kufuata nyuzi, na kwa sababu ya nta kilibanduka kirahisi kama ngozi ya kiazi kilichochemka. Nilimwuliza kwa hasira mbona anaondoa tena. "Mgeni ameshakwenda," akasema. Nikaona huyu mama ni mgonjwa. Sikuongea naye siku ile wala iliyofuata, tulipikiana na kupakuliana kama watu wasiojuana. Harufu ilikaa ndani, mng'aro ulififia, nami nilisugua na blanketi peke yangu huku nikisonya kila ukuta.

Kisha siku moja Petro akarudi kutoka kazini akiwa anayumba kwa kicheko. Dereva wa Landrova alikuwa amemweleza. Hakukuwa na ukaguzi wowote. Afisa alikuwa anajitafutia nyumba yake mwenyewe, sifa za mninga zimemfikia, na barua ya kututoa ilikuwa tayari imeshapigwa chapa, inangoja mkewe aione nyumba na kuridhika. Mkewe aliapa kwamba hata kwa bunduki haingii mle. Wakapewa nyingine, upande wa pili wa mji. Zile wiki zote za kioo na magoti, tulikuwa tunamtengenezea nyumba yule bwana! Sakafu yetu ndiyo ingetutoa, na mavi ya ng'ombe ndiyo yametubakisha! Tulicheka mpaka nikaogopa leba itaanza. Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage, akauliza tunacheka nini. Petro alimsimulia yote. "Ala!" akasema, akaendelea na maharage yake. Anna alizaliwa katika nyumba ile, mwezi huo huo, na tulikaa pale mpaka tulipojenga kwetu.

Tangu hapo kisa hicho kikawa mali ya ukoo. Tumekisimulia kila Krismasi, tumekisimulia kwenye kipaimara, na kwenye sherehe ya kumuaga Anna alipoolewa mshereheshaji alikisimulia kwa kipaza sauti. Tulikuwa na namna yetu ya kukimalizia: Mungu anajua kutumia hata kutokujua kwa mama. Wajukuu walimwita Bibi Samadi, naye akaitika. Na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Akija mgeni asiyekijua kisa, atamgusa Petro na fimbo: "Mweleze nilivyopaka mavi."

Sasa narudi jikoni, ile Jumapili ya msiba. Binti za Anna walikuwa wanamenya vitunguu na kumkumbuka Bibi Samadi kwa kicheko cha machozi, na Mama Katarina, ambaye sasa ni bibi kizee wa miwani minene, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachagua mchele. Mmoja wa wasichana akasema, maskini, Bibi alikuwa hajawahi kuona sakafu ya mbao. Mama Katarina akainua kichwa.

"Nani alikwambia hajawahi kuona?"

"Si ndivyo ilivyokuwa, Mama?" nikasema mimi.

"Mwanangu Veronika. Mimi na marehemu tulisugua mbao za nyumba ya masista tangu tukiwa wasichana wadogo mpaka tunaolewa. Kwa nta hiyo hiyo ya nyuki. Yale magoti yaliyokuwa yanamuuma, ulidhani ni ya kulima?"

Hapo ndipo mwiko ulipotumbukia. Mama Katarina alicheka, akavua miwani akaifuta, akaendelea. Jioni ile ya Jumatano alikuwa ametoka kuwapakulia chakula wageni wake, yule afisa na mkewe, na kwa masikio yake alimsikia bwana akisema: kesho nitakuonyesha nyumba, kuna vijana wameshatutengenezea sakafu, Jumatatu wanatoka. Akamweleza rafiki yake. "Alimaliza chai yake," Mama Katarina akasema. "Halafu akaniuliza, huyo mwanamke yukoje? Nikamwambia, anaogopa hata mende. Akasema, haya, basi. Akaniuliza ng'ombe wa padri wanalala wapi."

"Kwa nini hakutuambia?" Sauti yangu ilikuwa kali, wasichana walinitazama. "Mimi nililia pale kama mwehu!"

"Alitaka ulie. Petro ukimwambia siri inamtoka usoni. Na wewe ungemtukana yule bwana mlangoni, kazi ya mumeo ikaisha siku hiyo hiyo. Marehemu alisema, yule binti akilia kweli, yule bwana ataamini."

"Na baadaye? Miaka yote hii, Mama?"

Alikuwa bado anachekea puani. "Baadaye alishindwa. Siku mlipomsimulia kisa chake mwenyewe, alikuja kwangu, akakaa pale nyuma ya jiko, akacheka mpaka akalala chini. Akasema, Katarina, wananiona mjinga na wanafurahi hivyo, nitawanyang'anyaje? Na kila Krismasi mkimaliza kusimulia, alikuja kunisimulia mlivyosimulia."

Sikujua nicheke au nilie, na kwanza kabisa, niseme ukweli, nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu ambaye udongo wa kaburi lake haujakauka. Miaka yote hiyo nilijiona mimi ndiye mwerevu ninayemsamehe mama wa watu kwa kutokujua kwake, kumbe kila niliposimama kumsimulia, aliyekuwa anatazama sinema ni yeye. Nilitaka awe hai kwa dakika tano tu nimgombeze. Nilitaka nimpigie magoti, halafu nimgombeze tena. Machozi yalinitoka, yale ambayo Jumamosi kaburini hayakutoka, nikaacha ugali uungue.

Nje, chini ya turubai, nilisikia sauti ya Petro. Alikuwa ameona awachangamshe wazee kwa kile anachokijua, akawa ameshafika kwenye kiatu cheupe. Watu walikuwa wanacheka taratibu, kicheko cha msibani. "Mama yangu, Mungu amrehemu," akasema, "hakujua mbao ni nini." Nilitoka jikoni nilivyo, mikono ina unga, uso umelowa, nikasimama mbele yao, na wote wakadhani nimezidiwa na uchungu.

"Kaa chini, Baba Anna," nikamwambia. "Leo nasimulia mimi."